Udaktari Niliomvika Baba

Louisville ni mji unaojivunia watu wake. Mtoto wa hapa akivuma, awe mwimbaji, mcheza mpira au mama wa kusoma habari kwenye televisheni, picha yake hutundikwa ubavuni mwa ghorofa, kubwa kuliko basi, na jina lake chini. Tulipokuwa wapya, kila basi lilipopita katikati ya mji niliwaamkia kimoyomoyo. Shikamoo, mama wa kofia. Habari ya leo, kaka wa viatu vikubwa. Mwalimu wangu wa Kiingereza alitupa maisha yao tuyasome: alizaliwa wapi, alianza na kazi gani, nani alimcheka, alifika wapi. Nikayashika yote kama wengine wanavyoshika nyimbo za kanisa. Niliwapenda kwa sababu karibu wote walitoka kwenye vinyumba kama vya huku South End tunakokaa sisi, na sasa jua la jioni lilikuwa likiwapiga usoni wakiwa usawa wa ghorofa ya sita.

Mimi ni mtu wa ndoto tangu kambi ya wakimbizi. Sekondari niliimaliza kwa huruma ya walimu, na tangu hapo nafanya kazi ghalani, kupanga maboksi ya viatu yanayopita kwenye mkanda. Maboksi yanapita, mikono inafanya, na mimi niko zangu ukutani mwa ghorofa, watu wa kwenye basi wananitazama. Sisemi haya ili mnihurumie. Nasema ili mjue nilikuwa mtu wa namna gani siku ile nilipomfanya baba yangu kuwa daktari.

Karibu na kwetu, pale Beechmont, kuna jumba la jamii ambako watu hujifunza Kiingereza na kujaziwa fomu. Mwaka ule walitangaza kwamba na sisi tutakuwa na ukuta wetu: watu mashuhuri wa mtaa, wachaguliwe na majirani wenyewe, waandikiwe maisha yao, wapigwe picha kubwa. Fomu ilikuwa ya ukurasa mmoja. Niliona kuta za ghorofa ziko mbali lakini huu uko karibu, nikachukua fomu nimwandike baba.

Baba hufua. Ndiyo kazi yake hapa, kufua na kukunja mashuka kwenye nyumba ya kutunzia wazee upande wa Newburg, na hata nyumbani vitanda vyetu vyote vimefungwa kona kama bahasha. Kule kwetu, kabla vita havijatutoa, alikuwa mtu wa usafi katika hospitali ya misheni juu ya ziwa. Alifagia wodi, alichemsha maji alfajiri, alimwaga mabeseni, alibeba machela. Hayo nilikuwa nayajua. Nayaandika wazi kwa kuwa wako watu wema waliotaka baadaye kunitetea, wakisema labda nilikuwa mdogo, labda sikuelewa vizuri. Nilielewa.

Siku ya kujaza tulikaa watatu meza moja. Kulikuwa na dada mmoja Mkenya, mwanafunzi wa chuo, mchangamfu kama mimi, akimwandika shangazi yake. Akaniuliza mimi naandika nani. "Wangu ni mfamasia," akasema, "ako na duka lake tayari, huyo mama si mchezo." Upande wa pili alikuwa kijana wa Burundi ambaye baba yake alikuwa hakimu. Kalamu yangu ikafika kwenye mstari ulioulizia kazi ya mtu kabla hajaja Amerika. Nikaandika neno moja la Kiingereza, lenye maana ya daktari. Lilikuwa jambo la sekunde mbili. Nikalitazama, na likaonekana kama limekaa pale siku zote.

Neno la uongo halikai peke yake, linataka wenzake. Nikaongeza miaka kumi na tisa. Nikaongeza upasuaji kwenye mwanga wa taa ya chemli, na kina mama waliotembea siku nzima wapate kujifungulia mikononi mwake. Nilipofika mwisho machozi yalinilenga. Nilikuwa nalizwa na uzuri wa maisha ambayo baba hakuishi.

Siku ya ufunguzi alivaa suti yake ya kanisani. Mbao zilikuwa kubwa kama mlango, na yake ilikuwa ya tatu kutoka dirishani: uso wake, tai yake ya kitenge, na chini mistari kumi na miwili ya Kiingereza. Baba hasomi Kiingereza. Alisimama mbele ya sura yake muda mrefu, kofia mkononi, kisha akanigeukia.

"Bon. Nisomee."

Nikaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, nikamsomea yasiyokuwepo. Nilisema: mtu huyu alifanya kazi hospitalini, alisafisha wodi, alibeba wagonjwa, hakuchelewa hata siku moja, na leo anafua mashuka ya wazee wa mji wetu. Kidole kilifuata mistari hadi chini. Kwa hiyo maisha yake ya kweli yalitoka mdomoni mwangu, na yale ya uongo yalikuwa chini ya ukucha wangu. Alisikiliza ameinamisha kichwa, kama anavyosikiliza sala.

"Banaandika vile vile kabisa?"

"Ndiyo, Papa."

Akavua miwani akaifuta kwa ncha ya tai. "Kumbe hawa watu banajua maana ya mufagio," akasema.

Mngedhani hapo ningeanguka chini. Nilikwenda kuchukua soda.

Picha za siku ile zilisambaa kwenye simu, kama kila kitu chetu kinavyosambaa. Sisi watu wa ziwani tumetawanywa Amerika nzima, lakini hasa tuko Louisville, Columbus na Buffalo, na mtu akipiga chafya mji mmoja, miji mingine miwili inamtakia afya kabla ya chakula cha jioni. Huko Columbus na Buffalo wako vijana wanaosoma Kiingereza vizuri kuliko mimi. Wakasoma. Kuanzia wiki ile baba akawa anapokea salamu za sauti zinazoanza na "Docteur". Alicheka sana. Akaniambia watu wa Columbus wameanza utani, labda kwa kuwa siku hizi anavaa miwani. Akaanza na yeye kuwajibu kwa sauti nzito, "Docteur anasikia," halafu anacheka mwenyewe jikoni, na mimi nacheka naye.

Aliyejua kwamba ni uongo ni baba mdogo, ndugu yake wa Buffalo, maana wamezaliwa tumbo moja. Alinipigia mimi. Nilidhani atanigombeza. Kumbe alikuwa anamwoza binti yake, na upande wa mume ni watu wa majina, na habari ya daktari ilikuwa imewafikia ikawapendeza mno. Alidhani mimi na baba tumepanga pamoja. "Muache vile vile," alisema. "Mambo inaenda muzuri. Meza ya mbele tumemuwekea kiti."

Kwa hiyo nilipokuwa naendesha gari kwenda harusini Buffalo, ijumaa asubuhi, baba pembeni yangu na zawadi ya bibi harusi kiti cha nyuma, nilijua kwamba lazima nimwambie kabla hajafika. Ndiyo ilikuwa hesabu yangu yote. Akiingia ukumbini asiyejua, aitwe Docteur kwenye kipaza sauti, mbele ya watu waliomwona akibeba mabeseni, ataaibika kwa kosa ambalo si lake. Nilisema nitamwambia tukishavuka mto. Tukavuka mto. Nilisema nitamwambia Cincinnati. Cincinnati kulikuwa na malori mengi. Baba alikuwa na furaha, akihesabu ng'ombe wa watu kupitia dirishani, akiniambia hawa weupe hawafai kwa maziwa, na mimi nikasema moyoni, acha afurahi hadi Columbus.

Columbus tulipaswa kula tu na kuendelea. Mwenyeji wetu alikuwa mama mmoja tuliyekaa naye jirani kambini, mlango kwa mlango. Tulipoingia, sebule ilikuwa na watu saba wamekaa kwenye viti vilivyopangwa ukutani, kimya, kila mmoja na mfuko wa plastiki mapajani. Baba akadhani ni wageni wa salamu. Akawapa mkono mmoja mmoja. Mimi niliona vichupa vya dawa ndani ya mifuko, nikaelewa yote nikiwa bado mlangoni na funguo za gari mkononi.

"Docteur, karibu," yule mama alisema. "Tulikaa na wewe jirani mu camp miaka yote ile, unachoma matofali, na hata siku moja haukusema. Ni unyenyekevu gani huu?"

Baba akacheka, akijua ni utani ule ule. Hakuna mwingine aliyecheka. Mzee aliyekuwa kiti cha kwanza akainama, akavua soksi. Harufu ikatufikia sote. Kidole gumba na cha pili vilikuwa vyeusi, na wekundu ulikuwa umeanza kupanda. Baba alipiga magoti palepale, na suti yake. Hakugusa. Aliuliza hospitali wamesema nini.

Mzee akasema wanataka kukata. Wamempa siku, hakwenda; wamempa nyingine, hakwenda; sasa wamempa jumatatu, na hiyo pia hakuwa na nia. Wiki tatu alikuwa anangoja. Alisikia kuna daktari wetu wa kule kwetu anapita kwenda harusini, akasema ataonwa na huyo kwanza, aambiwe kwa lugha yake, ndipo ajue kama wale wengine wanasema kweli.

"Muzee," baba akasema taratibu, "nani alikuambia mi ni docteur?"

Binti wa yule mama akaleta simu. Akamwonyesha picha ya ubao, akaikuza kwa vidole, akasoma mstari kwa Kiingereza na kuurudia kwa Kiswahili: daktari, miaka kumi na tisa. Baba alitazama sura yake kwenye kile kioo. Kisha akanitazama mimi, mara moja tu, kama mtu anayeangalia kama mvua imeanza.

Akawaambia. Alisema yeye hakuwa daktari, alikuwa anafagia hospitali. Vidonda kama hiki amevisafisha vingi sana, na hiki si cha kungoja, jumatatu aende bila kukosa. Hawakuamini. Walitazamana na kutikisa vichwa kwa heshima. Mama mwenyeji akaeleza wenzake kwa sauti ya chini kwamba anaogopa, hana karatasi za udaktari za huku, akikamatwa anatibu watu watamfunga. Mzee akaanza kuvaa soksi yake, akasema watu wakishafika Amerika hawataki tena kusaidia wenzao.

"Waambie," baba akaniambia.

Watu saba wakanigeukia. Nilikuwa mtu pekee chumbani ambaye wangemwamini. Nikafungua mdomo, nikasema, "Papa amechoka na safari."

Nimefanya makosa mengi katika habari hii, lakini ukiniamsha usingizini ukaniuliza lipi kubwa, nitakutajia hilo. La kwenye fomu niliweza kulipamba, nikaliita ndoto. Hili halina pambo. Mguu wa mtu ulikuwa wazi mbele yangu.

Tuliondoka bila kula vizuri. Saa nzima kaskazini ya Columbus ng'ombe walipita bila kuhesabiwa. Tulisimama kwenye kituo cha kupumzikia kando ya barabara kuu. Aliketi kwenye benchi la saruji, akaweka mikono magotini.

"Ile yenye ulinisomea kwa ukuta," akasema, "njo ile yenye iliandikwa?"

"Hapana, Papa."

"Uliandika nini?"

Nikamwambia mstari kwa mstari. Nilikuwa nimeyashika yote, hilo ndilo baya, nilikuwa nimeyashika kwa moyo kama maisha ya wale wa kwenye ghorofa. Nilimwambia hadi taa ya chemli. Nilipomaliza familia moja ya Wazungu ilikuwa inapiga picha na mbwa wao karibu nasi, na tulingoja wamalize, kama watu wenye adabu.

"Mufagio ulikufanya nini?" aliuliza.

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua, akanipa nafasi nijibu. Ufagio ule ulininunulia uji. Ufagio ule ulimpa jina zuri lililotupitisha vizuizi vitatu vya wanajeshi barabarani, hayo nayo nilishasimuliwa. Nililia tu, kwa kelele, hadi mbwa akanitazama.

"Geuza gari," akasema.

Nikamkumbusha harusi, nikamkumbusha sala ya mkesha wa harusi jioni ile, na ndugu yake, na kiti cha meza ya mbele.

"Harusi iko na watu wengi. Ule muzee ananingoja mimi."

Mzee alikaa na binti yake kwenye nyumba ya ghorofa ya chini, dakika kumi kutoka kwa mwenyeji wetu. Alifungua mlango mwenyewe, amejishika ukutani. Baba hakuingia. Alisimama pembeni akaniachia kizingiti. Nikasema, nikiwa nimetazama zulia la mlangoni, kwamba yale maandishi ni yangu, ni uongo, baba hakuyajua, baba alikuwa mtu wa usafi, na alichomwambia leo ndicho cha kweli. Nikamwomba msamaha kwa zile wiki tatu alizongoja.

Nilitarajia anitukane. Akasema kwa masikitiko, kama mtu aliyevunjikiwa kikombe, "Nilikuwa nimefurahi. Hapa ku hopitali kila siku ni ya simu. Mutu wa kutafsiri iko mbali, simuoni, sijui kama anasema yenye nilisema. Nikasema, leo nitaongea mi mwenyewe."

Hapo ndipo nilipojua nilichomnyang'anya. Nilidhani nimemdanganya habari ya kazi ya mtu. Kumbe nilimpa mtu wa kuongea naye, halafu nikamchukua.

Baba ndiye aliyejibu. "Docteur sikuwa, muzee. Lakini kupeleka mugonjwa, hiyo njo kazi yangu." Akasema jumatatu watakwenda wote. Kisha akanigeukia, akaniambia nichukue zawadi nifike Buffalo kesho, nimwambie ndugu yake kwa nini hakufika. Akasema nimwambie vile ilivyo.

Kwa hiyo jumamosi niliendesha peke yangu kandokando ya lile ziwa kubwa la kijivu, masaa matano, nguo ya harusi imening'inia nyuma ikinigonga kichwa kila nikifunga breki. Niliimba kidogo kujipa moyo, nikaacha. Buffalo kulikuwa bado na baridi. Baba mdogo alinikuta mlangoni mwa ukumbi, amevaa vizuri, anatafuta ndugu yake nyuma yangu. Nikamweleza haraka. Uso wake ulibadilika mara nyingi, kisha ukatulia. Akanishika bega.

"Bon. Tuseme amebaki Columbus na mugonjwa. Si ni kweli?"

Ilikuwa kweli. Hiyo ndiyo shida, ilikuwa kweli tupu. Nikaenda kukaa, na kwenye meza ya mbele nikaona kiti kitupu chenye karatasi iliyoandikwa "Docteur" kwa wino wa dhahabu. Baada ya maharusi kuingia kwa dansi na watu kukaa, mshereheshaji akasoma wageni wa heshima. Alipofika kwa baba alisema Docteur wetu wa Louisville ameomba radhi, amezuiwa Columbus na mgonjwa mahututi, tumpigie makofi kwa moyo wake. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Wakwe walipiga wakiwa wamesimama nusu.

Nilisikiliza makofi yale na, nitasema ukweli, kipande cha sekunde niliyafurahia. Yalikuwa makubwa kuliko niliyowahi kuyaota ghalani. Kisha nikakumbuka baba amenipa kazi moja tu.

Nilitembea hadi mbele. Mshereheshaji alidhani nataka kuimba, akanipa kipaza sauti kwa tabasamu. Sikumbuki maneno yote. Nilisema baba yangu kweli yuko na mgonjwa, lakini atamsukuma tu kwenye kiti cha magurudumu, kwa kuwa hakuwa daktari, alikuwa mfagiaji wa hospitali, na daktari nilimtunga mimi. Nilisema asilaumiwe yeye wala bibi harusi. Spika ikapiga ukelele katikati, ikabidi nirudie sehemu ya mfagiaji.

Walicheka baadhi. Mama mkwe akashusha macho akaanza kupanga upya kitenge chake begani, mkunjo kwa mkunjo. Baba mdogo alitazama sahani. Bibi harusi, dada yangu mdogo niliyecheza naye matope, hakunitazama tena siku ile, na hadi leo salamu zake zinapitia kwa mwingine. Sina la kumdai. Nilichagua siku yake.

Wakati narudi kwenye kiti, mama mmoja mzee wa meza ya nyuma alinivuta mkono. Alikuwa muuguzi wa hospitali ile ile ya misheni, sasa anakaa Buffalo na wajukuu. Nilidhani anataka kunikaripia, na alinikaripia. Alisema nimekosa akili. Alisema madaktari wa pale walikuwa wanakuja na kuondoka, majina yao amesahau, lakini mgonjwa akipiga kelele, wote walikuwa wanamwita yule wa ufagio, kwa sababu yeye alijua kukaa na mtu hadi atulie. Kisha akaniambia nile, nimekonda.

Jumatatu asubuhi nilifika hospitali ya Columbus wakati baba anamwingiza mzee kwenye lifti. Aliingia yeye kwanza, kinyumenyume, akivuta kiti, ili mzee abaki anatazama watu na mlango, asitazame ukuta. Alifanya hivyo bila kufikiri, kama mtu anavyovua viatu nyumbani kwao. Tulikaa naye hadi mchana. Vidole viwili vilikatwa. Daktari alisema, kupitia mtu wa kwenye simu, kwamba mgonjwa angekuja mwanzoni pengine kingekatwa kimoja tu. Baba aliniangalia nikisikia hayo, akahakikisha nimesikia, halafu akaenda kutafuta blanketi jingine.

Tuliporudi Louisville nilikwenda jumba la jamii nikaomba ubao ubadilishwe. Mama wa pale alinisikiliza hadi mwisho na hakunicheka. Alisema maonyesho yanaisha ijumaa, mbao zinashushwa, waliokwisha soma wamesoma. Akaniahidi kutoa tangazo la kusahihisha, lakini hata yeye alijua haitasaidia kitu. Ijumaa nikaenda kuuchukua. Nilitaka kuutupa kwenye pipa la taka la nje, baba akaniambia niulete ndani.

Aliutundika sebuleni, juu ya kochi, na maneno yake yote. Nilimbembeleza angalau tukate sehemu ya chini. Alikataa. Wageni wetu wengi hawasomi Kiingereza, wanasifu tai, wanakaa. Lakini kila mara anakuja mmoja anayesoma, na huyo anasogea karibu, anasoma akitembeza midomo, halafu anamgeukia baba kwa heshima mpya na kuuliza kumbe alikuwa daktari. Baba ananinyooshea kidevu. "Muulize binti yangu," anasema.

Na mimi nasimulia. Nimesimulia kwa jirani, kwa mama wa kwaya, kwa fundi wa jiko la gesi aliyekuja kwa dakika kumi. Mara za mwanzo nilikuwa nakimbiza maneno ili yaishe. Hayaishi, kwa sababu baba huwa anasikiliza kutoka alipo, na nikikosea ananirekebisha.

Juzi alikuwa mchungaji kijana, mgeni kutoka kwetu, aliyesomea Nairobi na kujua Kiingereza cha vitabu. Alisoma mistari yote kumi na miwili kwa sauti, hata taa ya chemli, huku mimi nimesimama na trei ya chai. Nikaweka trei chini nikaanza. Nilisema alifagia wodi, alichemsha maji, alimwaga mabeseni, alibeba machela.

"Hapana," baba akasema. Alikuwa anakunja shuka, kidevu kimeshika pindo, hakuinua macho. "Ile hopitali ilikuwa na machela moja, na ilipasuka. Nilikuwa nababeba ku mugongo."

Hilo sikulijua. Nimekaa naye nyumba moja maisha yangu yote. Mchungaji alikuwa bado amesimama chini ya ubao, anangoja, chai inapoa. Nikamwomba radhi, nikarudi mwanzo, na safari hii nikaweka na mgongo.